Kabla Hujaenda Kaburini kwa Ephraim

Greyville, Durban
6 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Ugonile, Mama. Umeamkaje, na goti lako limeamkaje? Najua mwezi huu Tukuyu mvua haikati, na baridi ikiingia goti halikubali kukunjwa, kwa hiyo nakuomba usiteremke mtoni, waachie wasichana. Sisi huku tunaendelea. Mjukuu wako Atuganile ameota meno mawili ya chini na anayajaribia kwangu kila anaponyonya. Baba yake, Honoré, anakusalimu sana. Bado yuko kiwanda cha plastiki kule Pinetown, wiki hii ana zamu ya asubuhi, anaondoka mtoto hajaamka na akirudi anakuta amelala, basi nampelekea huyu salamu za yule kama tarishi. Mimi mwili ni mzima. Nimechoka, lakini ni mzima.

Barua hii ataileta Kidawa, yule mama wa Tanga anayenunua mablanketi huku na kuyauza Tunduma. Nimemwambia akukabidhi mkononi. Ningeweza kukutumia sauti kwenye simu, lakini simu yako naijua, ikilia inasikilizwa na jiko zima pamoja na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Haya ni yako peke yako. Vaa miwani, funga mlango, soma taratibu.

Nimeupata ujumbe wako. Nimeusikiliza mpaka Honoré akaninyang'anya simu. Unasema siku ya arobaini ya kaka Ephraim utakwenda kaburini, utavua kitambaa kichwani, na utamlaani mtu aliyemuuza mwanao kwa wauaji. Nakujua, Mama. Hujawahi kutamka neno ukalirudisha mdomoni. Ninachoomba ni kimoja: usiende kabla hujafika mwisho wa barua hii, na usiruke hata mstari. Aliyemuuza namjua. Nitakwambia. Lakini siwezi kuanzia hapo, mkono unagoma, kwa hiyo niruhusu nianze na mtu mwingine, anaitwa Ravana.

Nimemjua kupitia Anti Dhanpathie, yule bibi wa Kihindi ninayemhudumia. Kila asubuhi napanda kilima na mtoto mgongoni mpaka kwake, chini kidogo ya Morningside. Namwogesha, nampikia dengu, nampaka mafuta ya moto miguuni na kumkanda. Macho yake yamebaki ya kuona mwanga tu, ila mdomo haujazeeka. Uani kwake imesimama mianzi mirefu yenye bendera nyekundu, na nyumba nyingi za Wahindu mtaa ule zina bendera kama hizo. Siku moja nikamuuliza ni za chama gani. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema ni chama cha nyani. Ni za Hanumani, nyani aliyeuchoma mji wa Ravana kwa mkia wake, na kama simjui Ravana basi niongeze mafuta kiganjani, maana habari yake ni ndefu kuliko miguu yake yeye.

Ilichukua tangu Januari mpaka mwanzo wa Machi. Najua utasema ni mambo ya watu wasiosali kanisani kwetu. Mchungaji tumwache nje kwanza.

Ravana alizaliwa na vichwa kumi. Baba yake alikuwa mtu wa sala, mama yake wa ukoo wa majitu. Alikuwa na kaka wa mama mwingine, Kubera, tajiri, mwenye mji wa dhahabu uitwao Lanka na gari linaloruka angani. Siku moja Kubera akaja na gari lile kumwamkia baba yao, na mama yake Ravana akamvuta mwanawe pembeni, akamwambia amtazame mwenzake alivyo, kisha ajitazame yeye. Ravana akaapa atampita.

Hapo mikono yangu ilisimama. Nilikuona wewe, Mama, nyuma ya nyumba yetu ya nyasi, unamwonyesha Ephraim bati za kina Mwakalinga zinavyong'aa, unamuuliza yeye atakuja kukufunika na nini. Alikuwa na miaka kumi na minne. Sikulaumu. Mimi nami juzi nimemwonyesha Atuganile mtoto wa jirani aliyetambaa kabla yake. Nasema tu mikono ilisimama, na Anti akanisukuma na unyayo akasema mguu huu haujaisha.

Basi Ravana akaenda msituni kufunga na kuomba. Kila ikipita miaka elfu alikata kichwa chake kimoja akakitupa motoni kuwa sadaka. Alipofika kwenye cha kumi, Brahma, ambaye ndiye muumba wao, akamshika mkono akamuuliza anataka nini. Akataka asife kabisa. Akanyimwa. Akaomba basi asiuawe na miungu, wala majitu, wala mashetani, wala nyoka, wala ndege. Binadamu hakuwataja, wala nyani. Aliwaona kama majani ya njiani, na Anti akaniuliza nani anaomba kinga dhidi ya majani.

Akapewa, na vichwa vyake akarudishiwa. Akarudi, akamfukuza Kubera, akachukua mji, akachukua na gari. Wafalme wengine waliinua mikono kabla hajashuka. Akateremka mpaka kwa Yama, mwenye kazi ya kuchukua roho, wakapigana siku saba, na Yama alipoinua fimbo yake ya mwisho Brahma akamsihi aishushe ili ahadi isivunjike. Ravana akaondoka anatangaza kwamba amekishinda kifo. Mwanawe naye akamfunga kamba mfalme wa miungu, akamleta Lanka kama mbuzi wa mnadani.

Na wewe, Mama, habari za Ephraim ulizipokea hivyo hivyo, ushindi juu ya ushindi. Alikupigia akakwambia ana kiti kimoja cha kunyolea. Mwaka uliofuata saluni nzima. Kisha tatu, na wasichana wa Kikongo wanaosuka, na vijana wanaolinda magari kuanzia kwenye roboti, taa za barabarani, mpaka uwanja wa mbio za farasi. Ukapata bati. Kanisa likapata mabenchi. Hayo yote ni kweli. Ambayo hakukupigia simu kuyasema ni haya. Saluni ya kwanza ilikuwa ya mzee wa Kikongo aliyempokea alipofika hana viatu, na mzee huyo aliondoka Durban na bandeji kichwani. Mgeni akifika mjini, Ephraim alimlaki stendi, akampa godoro na ugali, akachukua pasi yake au karatasi zake za ukimbizi, akasema anamtunzia zisiibwe. Hakuzirudisha. Bila karatasi huendi kwa polisi, hubadilishi kazi, hubishani. Zilikaa kwenye mkebe wa biskuti, na za kwangu zilikuwemo. Ndiyo, zangu mimi mdogo wake. Alisema ni kwa usalama wangu.

Anti alipenda zaidi vipigo vya Ravana kuliko ushindi wake. Alikuwa akiniambia leo tunampiga, kaa vizuri. Alinieleza jinsi gari lilivyokwama kwenye mlima wa mungu wao Shiva, na Ravana kwa hasira akaingiza mikono yote ishirini chini ya mlima akauinua. Shiva hakusimama hata. Alibonyeza kwa kidole gumba cha mguu, mlima ukakaa juu ya mikono ya Ravana, akalia miaka elfu mpaka kilio kikawa ndilo jina lake. Safari nyingine akamwendea mfalme mwenye mikono elfu, aliyekuwa anaoga mtoni na wake zake, ameuziba mto kwa mikono. Akafungwa kama kuku wa sikukuu, ikabidi babu yake aje kumwombea atoke. Safari nyingine akamnyatia Vali, mfalme wa nyani, akiwa anasali ufukweni. Vali hakugeuka. Alimchukua akambana kwapani akaendelea na sala zake, bahari ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, vichwa kumi vinaning'inia na kunusa jasho la nyani. Hapo Anti alicheka hadi mtoto wangu naye akacheka, akamwambia wewe unacheka, ngoja uje kuolewa. Nikamuuliza kwa nini mtu apigwe hivyo asijifunze. Akasema ana masikio ishirini na yote yanasubiri sifa. Vali alipomwachia hakuona hata haya, aliomba wawe marafiki.

Ephraim wetu naye, watu wa stendi ya taxi kule Pinetown walimvunja mkono. Alikuja kwangu na plasta anacheka, ananiambia eish, Tuse, wale jamaa ni wanaume, sasa ni marafiki zangu. Wiki ile ile akampiga kijana mmoja mlinda magari kwa kuchelewa kumwamkia.

Kipande ambacho Anti alikisema bila kucheka ni cha wanawake. Alisema Ravana alikuta msichana anasali peke yake mlimani, akamshika nywele. Msichana akazikata zile nywele zilizoshikwa, akawasha moto akaingia, akisema atarudi kuwa sababu ya kifo chake. Ravana akaendelea na safari. Mpaka alipomteka Sita, mke wa Rama, mwanadamu, akamfungia kwenye bustani, akaweka wanawake wa kumlinda, akampa muda wa kukubali.

Siku chache baadaye Ephraim akaniambia kuna mgonjwa kwenye fleti yake, niwe napeleka uji. Katika chumba cha nyuma nikamkuta Glody, msichana wa Uvira, Kongo, ana miaka kumi na tisa, msusi wa saluni yake. Nilijua amemkataa Ephraim mbele ya watu, wenzake waliliongea. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Alikuwa amekaa sakafuni, mdomo umepasuka, jicho moja limefungana. Hakuniomba kitu. Aliniuliza tu kwa Kiswahili chao, "Mama mtoto, leo iko siku gani?" Nikamwambia Alhamisi. Akahesabu kwa vidole, akasema basi ni ya sita.

Nilimpelekea uji siku nne. Sasa nikueleze mahali pangu katika hadithi hii, Mama, kabla hujafika kwingine. Nilikuwa mmoja wa wale walinzi wa bustanini. Kufuli ile niliifunga mara nne, kwa mkono huu, nikampelekea Ephraim ufunguo, nikaenda kumnyonyesha mwanangu.

Siku ya nne nilimwambia Ephraim amwachie. Nilisema kwa heshima, nikamwita kaka. Alicheka, akaniuliza nimekuwa mchungaji tangu lini. Nikarudia, nikamwambia yule ni mtoto wa watu. Akanipiga kofi ambalo mtoto alilisikia kutoka mgongoni, akasema nikirudia tena karatasi zangu zitaingia motoni, na mtoto atabaki na Mkongo wake mimi nikirudishwa Tukuyu. Kazi ya kupeleka uji akampa mwingine. Nikaenda kwa wazee wa chama chetu cha Watanzania. Mmoja akasema hayo ni ya ndugu na ndugu. Mwingine alikuwa anachungulia dirishani kuona kama kuna mtu ameniona nikiingia.

Siku iliyofuata nilimkanda Anti, na yeye, bila kujua lolote, akanisimulia habari za Vibhishana. Huyo alikuwa mdogo wake Ravana. Alisimama mbele ya baraza akamwambia kaka yake amrudishe mke wa mtu. Ravana akamtukana, akamfukuza. Mdogo mtu akavuka bahari, akaenda kwenye kambi ya Rama. Vita vikapiganwa, na kila Rama alipokata kichwa cha Ravana kikaota kingine, mpaka watu wakakata tamaa. Hapo Vibhishana akasogea, akamnong'oneza Rama kwamba uhai wa kaka yake haukai kichwani, unakaa chini ya kitovu. Rama akalenga hapo. Nikamuuliza Anti, huyo Vibhishana ninyi mnamwonaje. Akasema alikuwa mcha Mungu na alitenda haki, na kwamba katika maisha yake yote hajawahi kusikia mtoto aliyepewa jina lake.

Sasa nimefika, Mama.

Glody ana kaka, anaitwa Pacifique. Analinda magari upande wa uwanja wa farasi, ni mmoja wa wale vijana ambao Ephraim hakuwajua majina, aliwaita "wewe". Nilimfuata nikamwambia dada yake yuko wapi. Akasema anajua, wote wanajua, lakini bwana yule ana bastola kiunoni hata akilala. Nikamwambia, isipokuwa Jumapili.

Unakumbuka ulivyotufundisha, wewe na bibi, kwamba mtu habebi mtoto anayenyonya akiwa na chuma mwilini, si kisu, si mundu, kwa kuwa chuma kinaita damu. Baba ulimtoa mlangoni siku niliyozaliwa kwa sababu ya panga. Ephraim alivunja kila ulichotufundisha, isipokuwa hicho. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja chumbani kwangu, akaweka bastola juu ya kabati, akanawa mikono, akamchukua Atuganile. Kwa kuwa ana jina lako alimwita Mama. Alikuwa anamsimulia mambo ya nyumbani, mvua, migomba, mbwa wetu yule wa zamani. Kwa mtoto huyu alikuwa kaka niliyemjua.

Nilimwambia Pacifique, Jumapili saa saba mchana, bastola itakuwa juu ya kabati. Nilijiambia wanataka ufunguo na mkebe tu. Hilo ndilo ningependa uamini, na mimi ningependa kuliamini. Lakini nilipotamka kabati, Mama, nilijua ninasema nini.

Walikuja watano, Honoré akiwa kazini. Waligonga, nikafungua mimi. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwake. Ephraim aliwatazama wale vijana, akatazama juu ya kabati, akanitazama mimi. Alikuwa karibu na kabati kuliko wao. Hatua moja. Lakini alikuwa na mtoto mikononi, na hakunyoosha mkono. Alinipa kwanza mtoto, akasema, "Mshike Mama, funga mlango." Kisha akatoka mwenyewe kwenye korido.

Nikafunga. Niliweka kiganja kwenye sikio la mtoto, la kwangu sikuwa na mkono wa kulizibia. Sijui aliniambia nifunge kwa sababu hakujua ni mimi, au kwa sababu alijua. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Glody alitolewa saa ile ile na yuko kwa shangazi yake mji mwingine, siutaji. Karatasi zilirudi kwa wenyewe, na zangu ninazo. Polisi walikuja, wakauliza, na korido nzima haikuwa imeona kitu. Mimi nilimvalisha Ephraim lile shati jeupe ulilolisifia, nikamkata kucha. Anti aliniambia kwamba Vibhishana alisita kumzika kaka yake, na Rama ndiye aliyemwambia ugomvi umekwisha na kifo, mzike, ni ndugu yako. Wewe ulinipigia simu ukanishukuru kwa jinsi nilivyomlaza vizuri kwenye jeneza.

Katika ujumbe wako umewataja wa kulaaniwa: awe Mkongo, awe Mzulu, awe Mhindi, awe polisi, awe Mtanzania mwenye wivu. Mtoto wa tumbo lako hukumtaja, haikukupitia akilini. Ningeweza kujificha hapo, laana ikapita juu yangu ikaenda kuwatafuta watu ambao hawakumlea Ephraim wala kulelewa naye. Sitaki. Wale vijana wana mama zao.

Siombi unisamehe leo. Hilo ni lako na halina haraka. Wala sitakudanganya kwamba natubu kumtoa Glody. Ningerudishwa siku ile ya Alhamisi ningefanya tena, ila ningefanya kabla sijafunga kufuli hata mara moja, labda kukawa na njia nyingine ambayo siku nne baadaye haikuwepo. Kwa Ephraim ninalia. Yote mawili ni kweli na yanakaa ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo ananyonyesha.

Kwa hiyo ukienda kaburini, usiseme "yeyote". Sema Tusekile. Ila kabla hujafungua kinywa, mtoe mjukuu wako kwa jina lake, ambalo ni lako, aende pembeni, kwa kuwa alikuwa amelala.

Barua hii uichome ukimaliza, kwa ajili ya wale vijana. Kidawa atalala Tukuyu siku moja, atapita kwako asubuhi kabla ya basi. Kama una neno mpe. Kama huna, mpe chai tu, nitaelewa. Wasalimie wadogo zangu wote, na shangazi, na wanakwaya walioimba kwenye mazishi. Honoré anakuinamia. Mtoto ameamka, anavuta kalamu.

Mimi, uliyenizaa nyuma ya Ephraim,

Tusekile